Jongo: nani hasa anayewasha moto kwenye kidole gumba?

Wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari za mchana. Leo naongelea jongo, au gauti kama wengi tunavyoiita siku hizi, na nianze na mjomba wangu maana ndo aliyenifanya niyasome haya mambo kwa makini. Saa nane usiku nimemkuta kakaa kitandani, mguu kautoa nje ya shuka, kidole gumba kimevimba ngozi inang'aa, joto lake unalisikia hata hujakigusa, ananiambia mwanangu hata shuka likinipitia tu naona kama nakatwa na msumeno. Na hajajikwaa popote! Sasa nani anamuumiza?

Mtasema nyama, yuriki asidi, ile taka inayobaki kwenye damu mwili ukivunja vyakula kama nyama. Sawa, chanzo ndo hicho, ikipita kama miligramu 6.8 kwa desilita ya damu inaanza kuganda kuwa fuwele, visindano vidogo mno, na kidoleni kuna ubaridi kwahiyo pale zinaganda kirahisi. Lakini jamani, wapo watu kibao asidi iko juu miaka na miaka na hawajaumwa hata siku moja. Moto unawashwa na kinga yetu wenyewe.

Iko hivi. Kwenye jointi kuna seli za ulinzi zinaitwa makrofeji, na juu yake zina vipokezi, kama TLR2 na TLR4, kazi yake kutambua vijidudu. Vikiguswa, seli inajiandaa, inatengeneza silaha lakini bado haijafyatua. Mwaka 2010 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, walionyesha kwa panya kwamba hata asidi za mafuta zinaweza kugusa TLR2, na mimi naona hapo ndo unaelewa kwanini mtu anakula karamu jioni usiku analia. Halafu seli inameza zile fuwele ikidhani ni adui, zinaitoboa kwa ndani, ndo kinaamka kipokezi kingine cha ndani kabisa, NLRP3. Hiki kinajiunga na wenzake wanakuwa kama mtambo, inflamasomu, mtambo unakata protini moja inatoka intalukini-1 beta, hiyo ndo king'ora chenyewe. Mishipa inatanuka, seli nyeupe zinamiminika kwa mamilioni, uvimbe, joto, kilio. Haya aliyafumbua Jürg Tschopp na timu yake Lausanne, Uswisi, mwaka 2006, na walikuta kolchisini, dawa ya zamani kweli kweli, inazuia king'ora hicho.

Na hakuna kijidudu hapo! Mwaka 1962 madaktari wawili Marekani, Faires na McCarty, walijidunga fuwele safi kwenye magoti yao wenyewe, baada ya masaa machache hoi wote wawili.

Sasa nisikilizeni hapa, hapa ndo watu wanaumia bure. Kolchisini na dawa za maumivu zinazima moto, fuwele haziondoi. Kinachoshusha asidi ni alopurinoli, tunataka iwe chini ya miligramu 6 kwa desilita, na ukianza kuitumia fuwele zinapoyeyuka kinga inaweza kushtuka tena, ndo maana daktari anakupa na kolchisini kidogo miezi ya mwanzo. Mjomba wiki ya pili kidole kikarudi, akatupa vidonge akisema dawa ndo inamuua. Ilibidi nikae naye chini nimchoree hii mashine yote kwenye karatasi ya sukari, ndo akakubali kuanza upya na daktari wake.

Haya, mama pale nyuma naona mkono, karibu uulize.