Uzazi Haujui Kafyu

Mhadhara kwa wanafunzi wa ukunga na uuguzi, Mombasa

Wanangu, na walimu wenzangu, asanteni kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie huduma za uzazi wakati wa janga la Korona, na orodha niliyopewa ni ndefu: barakoa, oksijeni, chanjo, kunyonyesha, uchovu wa wahudumu. Nitagusa nitakayoyafikia. Walionisikia kabla ya leo wanajua nitaanza na usiku, na ndiko ninakoanzia.

Machi 27, 2020, siku ya Ijumaa, kafyu ilianza nchi nzima, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Hesabuni. Ni saa kumi kati ya ishirini na nne. Sasa kumbukeni mliyofundishwa juu ya uchungu unaokuja wenyewe, usioanzishwa kwa dawa, kwa mama ambaye hakupangiwa upasuaji. Watafiti wa Uingereza walichambua mamilioni ya vizazi, na mwaka 2018 wakachapisha walichokiona: uzazi wa namna hiyo huja zaidi kati ya saa saba usiku na saa moja asubuhi, na kilele chake ni karibu saa kumi alfajiri. Mkunga yeyote wa zamu ya usiku angewaambia hivyo bila utafiti. Kwa hiyo barabara zilifungwa katika saa zile zile ambazo watoto huja kwa wingi. Sisemi ilikusudiwa. Nasema mpango ule hauna alama yoyote ya mkono wa mkunga.

Najua kuna anayetaka kuniambia, "Mama, lakini sheria iliruhusu dharura za wagonjwa." Ndiyo, iliruhusu. Hata kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zilipofungwa Aprili 8, asiingie mtu wala asitoke, mgonjwa wa dharura hakukatazwa. Lakini mama wa Kwale hasafiri kwa tangazo la serikali, anasafiri kwa bodaboda. Na huyo wa bodaboda, akishamshusha mama hospitalini saa sita za usiku, amepewa ruhusa na nani ya kurudi kwake? Siku zile za mwanzo za kafyu, mwendesha bodaboda mmoja wa upande wa Kwale alimpeleka mama mjamzito hospitali, akapigwa na polisi kwa kukiuka kafyu, akafa kwa majeraha. Magazeti yaliandika, na watetezi wa haki za binadamu wakaandika. Mnadhani kesho yake stejini walizungumza nini? Mnadhani dereva mwenye watoto aliamua nini alipogongewa mlango usiku uliofuata?

Nitawasimulia kisa kimoja. Wengine wenu mmeshakisikia kwangu. Kisikilizeni tena. Mama simtaji, kituo sikitaji. Ni mama wa kusini ya kivuko cha Likoni, mimba yake ilikuwa ya nne, na watatu wa mwanzo aliwazaa hospitali bila tatizo. Kwa mimba hii alianza kliniki vizuri, kisha akaacha, kwa sababu mtaani ilisemwa kwamba ukionekana unakohoa utapelekwa karantini na gharama utalipa mwenyewe. Msiseme ni ujinga. Watu waliowekwa karantini mwaka ule walitozwa kweli.

Uchungu ulimshika baada ya magharibi. Mumewe akatoka kutafuta chombo. Wa kwanza alimwambia pikipiki haina mafuta. Wa pili hakufungua mlango. Wa tatu, jirani mwenye tuktuk, alikubali, lakini kwa sharti apate barua ya kuonyesha kizuizini. Mzee wa mtaa akaamshwa, akaandika. Jirani akaitazama barua, akasema haina muhuri, na bila muhuri wa chifu hawatamwelewa. Simu ya chifu haikupatikana. Walipokuwa wanahangaikia muhuri, mtoto alizaliwa, yapata saa nne usiku, mikononi mwa mavyaa wa yule mama. Mtoto mzima, akalia vizuri. Kondo la nyuma likatoka nusu, nusu likabaki. Damu ikaanza.

Mavyaa ndiye aliyenisimulia. Alisema nyumba nzima ilikata shauri moja: tusubiri saa kumi na moja. Hakuna aliyesema hivyo kwa ubaya. Walihofia kwamba wakimtoa atafia kizuizini, na mume atalala rumande. Wakamfunga tumbo kwa leso, wakampa chai ya moto, wakakaa naye wakimsomea dua. Na nyinyi mlifundishwa nini darasani? Kwamba mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, hata kama alikuwa mzima kabisa, anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa saba.

Alifika kwetu akiwa hai. Viganja vilikuwa vyeupe, mpigo haushikiki mkononi. Mkunga alikuwepo, oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu ikome, ilikuwepo, daktari alikuwepo, kilichobaki tumboni kikatolewa na damu ikapungua. Kilichohitajika sasa ni kumwongezea damu, na damu ya kundi lake haikuwepo.

Hapa nisimame kidogo, maana jambo hili hulipita watu wengi. Damu inayowekwa akiba nchini Kenya inatoka wapi? Kwa kiasi kikubwa inatoka kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Ndio wachangiaji wetu wakubwa. Katikati ya Machi 2020 shule zote zikafungwa. Kambi za kuchangia zikakosa watu, na wazazi walio nyumbani wakaogopa kukaribia hospitali. Kufunga shule kulikuwa na sababu zake, sibishani. Nauliza, siku ile shule zilipofungwa, nani aliambiwa kwamba kuanzia leo atafute damu ya kuwaongezea akina mama wanaojifungua mahali pengine? Kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha tatu akikaa nyumbani Matuga, kule Kwale, kuna mama atakayekosa chupa mbili za damu wodini, na mtu wa elimu hawezi kulijua hilo kama mtu wa uzazi hajaketi naye.

Yule mama alikufa kabla ya adhuhuri, ndugu zake wakiwa kwenye foleni ya kupimwa ili wamtolee. Kwenye karatasi iliandikwa kutokwa damu baada ya kujifungua. Karatasi ile haina mahali pa kuandika kafyu wala muhuri wa chifu. Korona hakuwa nayo. Siku hiyo, waziri aliposoma idadi ya waliofariki, yeye hakuwemo.

Mwingine ataniuliza, "Kwa hiyo ulitaka watu waachwe waambukizane?" Sikutaka, na swali hilo linanichosha. Nimezika wauguzi wenzangu kwa ugonjwa ule. Sina subira na anayesema Korona ilikuwa uongo, na sina subira vilevile na anayesema hapakuwa na njia ya tatu. Njia ilikuwepo, na tulikuwa tumeshafundishwa kwa gharama kubwa ya wengine. Sierra Leone ilipopigwa na Ebola mwaka 2014 na 2015, akina mama waliacha kwenda hospitali, na baadhi ya vituo viliogopa kuwapokea. Watafiti walikadiria kwamba kupungua huko kwa huduma peke yake kulileta vifo vya ziada karibu 3,600, vya akina mama, vichanga na watoto waliozaliwa wafu. Idadi hiyo inakaribiana na watu waliouawa na Ebola yenyewe katika nchi ile. Hayo yalichapishwa mwaka 2017. Miaka mitatu kabla yetu! Kwa hiyo mtu asiniambie hatukujua.

Tazameni majirani zetu wa Uganda. Mwisho wa Machi 2020 magari ya abiria na ya binafsi yote yalizuiwa, na aliyetaka kumpeleka mgonjwa alitakiwa apate kibali cha mkuu wa wilaya wa serikali. Akina mama walitembea kwa miguu na uchungu wao. Mashirika ya wanawake yakatoa taarifa za vifo. Mwezi Aprili Rais Museveni akatangaza kwamba wajawazito hawahitaji tena kibali. Tangazo lilikuwa jema, lakini mimba zile zote zilikuwepo kabla ya marufuku. Nepal nayo, uzazi hospitalini ulipungua kwa karibu nusu wakati wa kufungiwa, na vifo vya vichanga katika hospitali zilizochunguzwa vikapanda kutoka 13 hadi 40 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai.

Na hapa kwetu kuna aliyeonyesha kwamba inawezekana. Dkt. Jemimah Kariuki, wakati huo akisomea ubingwa wa uzazi Nairobi, aliona wodi imepungukiwa na akina mama huku wanaofika wakifika na hali mbaya. Akaandika mtandaoni kwamba yuko tayari kusaidia, simu zikamfurika. Likazaliwa jambo lililoitwa Wheels for Life, na nambari ya bure, 1195: mama alipiga, daktari alimsikiliza, kama ni wa kwenda hospitali alitumiwa teksi yenye ruhusa, kama hali ni mbaya alitumiwa ambulensi. Halikuhitaji mtambo wa kutoka ng'ambo. Lilihitaji simu inayopokelewa na dereva anayejua hatapigwa. Namheshimu sana yule binti. Na kila nikimsifu naudhika pia, kwa sababu daktari mwanafunzi hakupaswa kuwa ndiye wa kulifikiria hilo, tena baada ya kafyu kuanza.

Kuhusu wakunga wa jadi, kwa kuwa najua litaulizwa: msiwatukane. Usiku wa kafyu wao ndio walioitika. Lakini hawana oksitosini, hawana magnesiamu ya kifafa cha mimba, hawana damu. Wapewe nambari ya kupiga na chombo cha kupakia, wawe wasindikizaji wa mama. Kuwaachia mzigo wote halafu kuwalaumu ni dhuluma.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, basi yaliyobaki nayapitia mbio. Mtu wa kumshika mama mkono leba: Shirika la Afya Duniani lilisema tangu mapema kwamba mama ana haki ya kuwa na mtu wake hata akishukiwa kuwa na Korona, na bado wodi nyingi ziliwafungia nje mama na dada za watu. Kunyonyesha: lilisema hivyo hivyo, mama avae barakoa, anawe mikono, anyonyeshe, alale chumba kimoja na mwanawe. Kuna vichanga vilivyotenganishwa na mama zao bila sababu. Chanjo: wajawazito waliachwa nje ya majaribio ya kwanza, halafu ikawa kazi yetu kuwajibu walipouliza kama ni salama, na miezi ikapita hatuna la kuwajibu. Wahudumu: Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki waligoma wakidai, pamoja na mengine, vifaa vya kujikinga na bima. Mkunga hukaa karibu na pumzi za mama anayesukuma kuliko mtu yeyote hospitalini, na glavu zilihesabiwa moja moja. Oksijeni naiacha, inahitaji siku yake.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021. Saa zake zilibadilishwa mara kadhaa, lakini ilidumu karibu miezi kumi na tisa. Ni mimba mbili zinazofuatana. Na barabara hazifungwi na Korona peke yake. Mafuriko huzifunga, ghasia za uchaguzi huzifunga, na ugonjwa mwingine utakuja.

Kwa hiyo mkishapangiwa vituo, kila mmoja aende kwa idara ya afya ya kaunti yake aombe kuuona mpango wa dharura, ulioandikwa, si wa mdomo. Atafute majibu manne. Saa nane za usiku nani anaendesha? Polisi wa kizuizini atamtambua dereva huyo kwa kitu gani? Simu ya mama inapokelewa na nani? Shule zikifungwa, damu inatoka wapi? Mkikuta ukurasa hauna majibu hayo, yaandikeni nyinyi mkaupeleke kwa mkuu wa idara, na msiondoke hadi aseme ataujadili lini.

Maswali sasa. Naomba yaanze na wanaotoka Kwale, Kilifi na Tana River, na kwanza waniambie kituo cha karibu na kwao kina chombo gani cha usiku.