Chembe zilizofungamana na mtihani wa vyumba viwili

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Jioni hii nataka tutenganishe mambo mawili ambayo hata vitabu huyachanganya: ufungamano wa chembe za kwanta, yaani chembe ndogo mno mbili kuunganika hata huwezi kuieleza moja bila nyingine, na matokeo kutofungwa na mahali, yaani matokeo ambayo hakuna mpango wa mapema unaoweza kuyatoa.

Tuanze na mtihani. Asha yuko chumba kimoja, Juma chumba kingine, hawasikiani. Kila mmoja anaulizwa swali la kwanza au la pili, kwa kubahatisha, anajibu ndiyo au hapana. Majibu yao yanatakiwa yafanane, isipokuwa wote wakiulizwa la pili. Hapo lazima yatofautiane. Usiku wa kuamkia mtihani wanaruhusiwa kupanga wapendavyo. Wakikubaliana kusema ndiyo kila mara, wanapata mara tatu kati ya nne. Shikeni kalamu mjaribu mpango mwingine wowote: asilimia 75 hamtaivuka. Hapo ndipo ilipo nguvu ya hoja aliyoitoa mwanafizikia John Bell mwaka 1964.

Sasa mpe kila mmoja chembe moja ya jozi iliyofungamana, aipime kufuatana na swali aliloulizwa, jibu litokane na kipimo. Wanaweza kufika karibu asilimia 85! Mwaka 2015 huko Delft, Uholanzi, watafiti walitumia elektroni mbili ndani ya almasi, umbali wa kilomita 1.3 kati yake. Kati ya majaribio 245, walishinda 196. Gaweni wenyewe: asilimia 80. Mimi namba hiyo hunisisimua kila nikiirudia, maana hakuna mpango wa usiku unaoielezea kirahisi. Wala hakuna ujumbe uliopita: majibu ya Asha ukiyatazama peke yake ni kama sarafu iliyorushwa.

Wengi huishia hapo, wakasema basi, kufungamana na kuvuka 75 ni kitu kimoja. Kwa jozi safi, yaani isiyochanganyika na vurugu yoyote, wana haki. Mwanafizikia Nicolas Gisin alilithibitisha hilo mwaka 1991. Lakini jozi safi kabisa hukai nayo maabara.

Miaka miwili kabla yake, mwanafizikia mwingine, Reinhard Werner, alikuwa ameichanganya jozi iliyofungamana na kelele tupu, yaani matokeo ya kubahatisha tu, kwenye karatasi, kama maziwa yanavyotiwa maji. Maziwa yakizidi theluthi moja ya mchanganyiko, ufungamano bado upo: huwezi kuitengeneza jozi hiyo kwa watu wawili walio mbalimbali wenye simu na dadu tu. Lakini yasipozidi nusu, Werner aliandika mpango kamili, wa aina ile ile ya Asha na Juma, unaotoa matokeo yote ya vipimo vya kawaida. Kwa hiyo kati ya theluthi na nusu chembe zimefungamana kweli kweli, na vipimo hivyo haviwezi kukuonyesha lolote ambalo mpango wa usiku usingelitoa. Mtihani wetu wenyewe unataka maziwa yazidi asilimia 71 hivi ndipo ile 75 ivukwe.

Kwa hiyo mtu akikuuzia kifaa cha kutengeneza ufunguo wa siri wa kufichia ujumbe kwa chembe zilizofungamana, na humwamini, usiridhike akikuapia kwamba chembe zake zimefungamana. Kifanyie mtihani wa vyumba viwili, uhesabu mwenyewe kama kinavuka 75.