Mbwa Mwenye Saratani: Tumsikilize Anayeshinda Naye

Asalaam alaikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote.

Ahsanteni kwa kuja mchana huu na jua hili la kaskazi. Nawaona wenye mbwa, nawaona kina mama kutoka Ganda, nawaona vijana wa Maweni, na nawaona walinzi waliotoka zamu ya usiku wakaja hapa kabla hata ya kulala. Mimi kama daktari wa wanyama nimeombwa nizungumze juu ya mbwa anapopatikana na saratani isiyo na tiba. Nina neno moja, mengine yote yanalizunguka hilo: mbwa akishafika hapo, wa kusikilizwa kwanza ni yule anayeshinda naye. Daktari ana vipimo vyake, mwenye mbwa ana pesa zake, lakini anayemwekea chakula ndiye anayejua jana alilalaje.

Kwanza tuelewane juu ya huzuni yenyewe. Hapa kwetu mtu akimlilia mbwa huchekwa, basi hulia kwa kujificha. Nimewaona wanaume wazima wakigeukia ukuta nikiwasomea majibu. Wengine huona haya kwa sababu ya dini. Ndugu zangu Waislamu, fiqhi yetu ya Kishafii inajulikana: mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa mchanga. Hayo ni mambo ya twahara. Hayakusema mnyama aachwe ateseke. Hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akakibana kwa meno akapanda nacho ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe, imo katika Bukhari na Muslim. Watoto wa chuoni wanaijua. Kwa hiyo anayekesha na mbwa mgonjwa asione haya mbele ya mtu yeyote.

Sasa ugonjwa. Si kila uvimbe ni hukumu. Mbwa wetu wanaozurura hupata saratani moja ya ajabu, inayoambukizwa kwa kupandana. Chembe za uvimbe zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa huyu hadi yule, na zimekuwa zikihama hivyo kwa maelfu ya miaka. Utaona damu inadondoka sehemu za siri, ukichungulia utakuta nyama imechipuka kama koliflawa. Watu wakiona hivyo hukata tamaa, wengine humfunga mbwa kamba wakampeleka mbali wamwache huko. Naomba sana tuliache hilo, kwa sababu hii ndiyo saratani inayopona. Ni sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na mbwa wengi hupona kabisa. Asili ya dawa hiyo ni lile ua la pinki lenye petali tano lililotoka Madagaska, linaloota lenyewe hapa kwetu kando ya kuta na mchangani karibu na bahari. Msilichemshe mkamnywesha mbwa. Lina sumu, na kiasi chake hakipimwi kwa kikombe.

Basi mtu asilipokee neno "haponi" kabla uvimbe haujachomwa sindano, chembe zikatolewa, zikatazamwa kwa hadubini. Sampuli nyingine hulazimika kupelekwa Nairobi, na majibu huchelewa. Yangojeeni.

Majibu yakirudi mabaya, kila saratani ina mwendo wake. Limfoma, yaani saratani ya mitoki, huivimbisha chini ya taya, mbele ya mabega na nyuma ya magoti, wala haiumi. Mbwa anakula, anacheza, mwenye mbwa haamini kama ni mgonjwa. Bila tiba huwa ni wiki chache. Vidonge vya prednisoloni humpa nafuu ya mwezi mmoja au miwili, na tiba kamili ya dawa za saratani huweza kumfikisha mwaka, ila ni ghali na mara nyingi inataka safari za mbali. Ya bandama huja ghafla: asubuhi mzima, jioni hainuki, ufizi umekuwa mweupe, tumbo limejaa damu. Hapo uamuzi ni wa saa ileile.

Ya mfupa ndiyo ninayotaka kukaa nayo, kwa kuwa ndiyo yenye maumivu makali, na huwapata sana mbwa wenye miili mikubwa, walewale wanaolinda nyumba. Hupenda mguu wa mbele, chini huko karibu na kifundo. Mfupa unaliwa kwa ndani hadi mbwa anaweza kuuvunja kwa kushuka ngazi tu. Kuukata mguu huondoa maumivu hayo, na mbwa hutembea kwa mitatu vizuri kuliko watu wanavyodhani. Lakini mara nyingi ugonjwa huwa umeshafika mapafuni, na kwa kukata peke yake wengi huishi miezi minne, mitano hivi.

Niliitwa kwenye nyumba moja upande wa Casuarina, Malindi. Mwenye nyumba yuko Italia, huja msimu wa Desemba. Aliyenipigia simu ni mlinzi, mzee wa Kigiriama, na maneno yake yalikuwa haya: "Daktari, Chui haji tena getini. Na akikojoa anaegemea ukuta." Mguu wa mbele wa Chui, yule mbwa, ulikuwa umevimba na una moto, na picha ya eksirei ikathibitisha. Kukata hakukufaa, kwa kuwa nyonga zilikuwa zimechoka tayari na mapafu yalishaingiliwa. Tukaanza dawa za maumivu.

Niliporudi nilikuta mzee amemtandikia gunia mbili juu ya jamvi, kwa sababu simiti ilimuumiza viwiko. Bakuli la maji alikuwa amelipandisha juu ya ndoo iliyofudikizwa, ili mbwa asiinamie mguu ule. Vidonge alivificha ndani ya tonge la ugali wa moto na samaki aliyetolewa miiba. Hakuna aliyemfundisha. Mwenye mbwa kwenye simu alikuwa akisema, mngojeni, nifike nimwone. Naye alimpenda yule mbwa, msidhani vingine. Nikampa mzee simu nikamwambia sema unayoyaona usiku. Akasema, "Bosi, Desemba ni mbali kwake. Akilalia huku analia, akigeuka analia. Mimi ndiye niko naye." Kule kukawa kimya muda mrefu. Kisha akaomba simu iwekwe karibu na sikio la mbwa, akazungumza naye Kiitaliano. Tulimaliza kesho yake asubuhi, chini ya mwarobaini, kichwa cha Chui kikiwa mapajani kwa mzee.

Huo ndio ushahidi ninaousema. Mbwa huficha maumivu. Akimwona daktari huchangamka, hata mkia akatikisa, na mimi nikaondoka nimedanganyika. Anayeshinda naye ndiye anayejua kwamba analamba mahali pamoja bila kuacha, anabadilisha pa kulala kila mara, hataki kuguswa, na hasalimii tena. Kuhema nako ni dalili, lakini miezi hii ya joto kila mbwa anahema, basi mtazameni alfajiri kukiwa na baridi. Akihema wakati ule amelala tu, kuna kitu kinamuuma.

Na tafadhalini, msimpe dawa zenu. Ibuprofeni na diklofenaki huchoma tumbo la mbwa likatoka damu na kuua figo. Parasetamoli nayo kiasi kikizidi huharibu ini. Zipo dawa za maumivu za mbwa, kama meloksikamu na kaprofeni, na hizo pia hazichanganywi na prednisoloni. Ulizeni kabla ya kuongeza chochote.

Daktari Alice Villalobos wa Marekani alitunga kipimo cha mambo saba, nami hukitumia kwa sababu hakihitaji mashine: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo hupewa alama kutoka 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 bado kuna maisha ya kuendeleza. La saba ndilo zito. Tundikeni kalenda jikoni, kila jioni anayeshinda na mbwa atie alama siku ile ilikuwa njema au mbaya. Moyo husahau haraka siku mbaya mbwa akila vizuri mara moja.

Sindano ya mwisho ni hivi: kwanza ya usingizi, mbwa alale asijue lolote. Kisha pentobabitali kwenye mshipa, na moyo husimama kwa dakika chache. Macho hubaki wazi, na huenda akavuta pumzi moja au mbili baadaye, lakini hapo hayupo tena. Nawaambia mapema msije mkashtuka. Shimo liwe refu, maana dawa ile hubaki mwilini, na mbwa mwingine au ndege akifukua akala, atakufa.

Kwa wenye watoto, msiwaambie kwamba mbwa amekimbia. Mtoto atamngoja getini. Mwambieni alikuwa mgonjwa sana na amekufa, na saratani ile haimwambukizi mtu.

Na waajiri, msimletee mlinzi mbwa mwingine kesho yake kama anayebadilishiwa tochi. Mpeni siku za kukaa, mpeni pole kama mnavyompa aliyefiwa, kisha mumuulize yeye lini awe tayari.

Leteni maswali. Nianze na yule baba aliyeinua mkono tangu nilipotaja mguu.