Mishale Miwili Ikipanda Pamoja

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu wa Malindi, assalamu alaikum. Waliowahi kunisikia wanajua nitaanzia wapi, nao watanivumilia: kabla hujafungua geji yoyote ya gari la zamani, pima athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi la gari. Huku kwetu, kusi na kaskazi zote huleta chumvi, na chumvi hupenda sana pale waya unapofungwa kwa boliti kwenye bodi.

Nililetewa Land Rover Series III kutoka Mambrui. Geji ya mafuta ilionyesha tangi limejaa ilhali mwenyewe alikuwa ametia lita chache tu, na geji ya joto ilikaribia alama nyekundu huku injini ikiwa baridi kiasi cha kushikika kwa mkono. Gereji alikotoka ilikuwa imemwuzia geji mpya ya joto, kisha thermostati, ile vali inayodhibiti maji ya kupoza injini, na sasa ilizungumzia kichwa cha injini! Hebu tufikiri. Kila geji hupata habari kutoka kwa kipimo chake: kimoja kimo tangini na kingine kimo katika maji ya injini. Itakuwaje viharibike siku moja, tena kwa kosa la aina moja? Geji hizo mbili zinashirikiana kidhibiti volti, kikopo kidogo cha bati nyuma ya dashibodi, ambacho ndani yake mna ulimi wa metali mbili uliozungushiwa waya wa kupasha moto. Ulimi ukipata moto hupinda na kukata umeme, ukipoa huurudisha, na kwa kukata na kurudisha huko geji hupata wastani wa volti 10. Lakini waya ule wa moto hukamilisha njia yake kupitia bati la kikopo hadi kwenye bodi. Athi ikikatika, ulimi haupati moto, haukati tena, na geji humiminiwa volti zote za betri. Mishale yote miwili hupanda. Tulisugua kwa msasa mahali pa boliti moja, tukaikaza, na maneno ya kichwa cha injini yakaishia hapo.

Najua kuna anayenung'unika: “Mbona taa za dashibodi zinawaka, basi athi ipo.” Ipo kwa balbu moja, bwana. Washa taa zote pamoja na indiketa, kisha weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bati la kikopo. Ukisoma zaidi ya volti 0.2, athi hiyo ni jina tu. Na ukipima umeme unaotoka kwenye kidhibiti, usishtuke mita ya tarakimu ikirukaruka, kwa maana kukata na kurudisha umeme ndiyo kazi ya kidhibiti. Tumia balbu ya majaribio, utaiona ikiwaka na kuzima.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nitakimbia. Geji ikikosea peke yake, chomoa waya wa kipimo chake, uguse bodi kwa sekunde chache mbali na mvuke wa petroli: mshale ukipanda, geji na waya ni vizima, tafuta kosa katika kipimo. Taa ya chaji isiyowaka ukifungua swichi msiipuuze, kwani alteneta nyingi, yaani mashine za kuchaji betri, huamshwa na umeme unaopitia balbu hiyo. Ama mshale wa mwendo, tafadhali msinipigie simu: katika gari hilo unazungushwa na kebo itokayo kwenye giaboksi, wala hauna waya hata mmoja wa kupima.