Begi Lipimwe Kaunta, Si Getini

Shikamooni wazee, na wengine habari zenu. Mkiniona nimesimama hapa mnajua nitasema nini, maana wengi mmeshanisikia. Nitalisema tena mpaka lisikike: begi la mkononi lipimwe kaunta ya uwanja wa ndege, mapema, la kila abiria, kwa mizani ileile. Likishapita kaunta, limepita. Sina ugomvi na kilo 7, wala na kilo 12. Ugomvi wangu ni pale mnapopanga foleni moja, ndege moja, nauli moja, halafu mmoja anabanwa kwa kilo 7 na mwenzake anapita na 12 bila hata kuulizwa.

Vipimo vyenyewe sitavieleza sana. Nusu ya ukumbi huu ni watu wa Kariakoo, Dubai na Guangzhou mnakwenda kuliko mimi. Emirates na Qatar Airways, daraja la kawaida, kilo 7. Turkish 8. Kenya Airways 12. British Airways 23, ilimradi uweze kulinyanyua begi mwenyewe. Juni 2015 shirikisho la mashirika ya ndege duniani, IATA, lilijaribu kuleta kipimo kimoja, sentimita 55 kwa 35 kwa 20. Abiria na mashirika ya Marekani wakapiga kelele, na kabla mwezi haujaisha likasitishwa. Kwa hiyo kila shirika lina lake, na ukiunganisha ndege mbili, funga begi kwa kufuata lile lenye kipimo kidogo. Hilo tuliache.

Nije kwenye tukio langu. Mlioshalisikia mtanivumilia, kwa sababu kila hoja yangu imo humo.

Ilikuwa uwanja mmoja wa hapahapa Afrika Mashariki. Shirika silitaji, maana hayohayo nimeyaona kwa mengine. Bibi mmoja wa umri wa mama yangu anakwenda Muscat, binti yake amejifungua. Kaunta amefika mapema kabisa. Begi kubwa likapimwa, likabandikwa lebo, likaenda zake. Begi la mkononi alikuwa amelishika waziwazi, dada wa kaunta akaliona, hakulitia kwenye mizani, akampa kadi ya kupandia ndege na kumtakia safari njema. Bibi akajua mambo yamekwisha. Ningekuwa mimi, ningejua hivyohivyo.

Sasa tuko getini. Anakuja kijana na mizani, anaanza kuchagua watu kwa macho. Wewe pita. Wewe pita. Bibi, weka hapa. Kilo tisa na nusu. Bibi akamwambia, "Mwanangu, mwenzio kule kaunta ameliona hili begi." Kijana akajibu, "Huko ni huko, bibi. Hapa ni kilo 7. Punguza au ulipie." Na kulipia ni kwa kadi ya benki, bibi ana noti za shilingi na rial chache alizotumiwa na binti yake.

Akapiga magoti, akafungua begi sakafuni, foleni nzima inamtazama. Doti za kanga ambazo hazijakatwa wala kupindwa. Mdalasini na pilipili manga ya mzazi. Nguo zake za ndani, jamani, mbele ya wanaume. Na kimfuko cha baridi chenye insulini. Kijana akanyoosha kidole: hicho kiende chini, kwenye mizigo. Insulini ikiganda imeharibika, ndiyo maana kila daktari anakwambia usafiri nayo mkononi. Abiria wa nyuma ndio waliopaza sauti mpaka kimfuko kikaachwa. Basi bibi akajifunga kanga juu ya buibui. Akajifunga ya pili, ya tatu, ya nne. Mdalasini na pilipili manga akavitia kwenye mkoba wa begani, ambao hakuna aliyeuangalia. Mizani ikasoma 7. Haya, pita.

Nawauliza, ndege ile imepungua gramu ngapi? Kanga zilezile, bibi yuleyule, zimepanda zote. Kilichopungua ni heshima ya mtu mzima mbele ya hadhara. Na mmoja wa wale "wewe pita" alikuwa baba mwenye begi gumu la magurudumu, begi la mgongoni lenye kompyuta, na mfuko wa maduka ya uwanjani. Hakuulizwa neno.

Najua atatokea mtu aseme: wewe unapinga usalama, uzito wa ndege si mchezo. Hapana, bwana, sikiliza vizuri. Uzito si mchezo kabisa, na ndiyo hoja yangu. Mashirika mengi hukadiria uzito wa abiria pamoja na begi lake la mkononi kwa wastani, hayampimi mmoja mmoja. Watu 200 wakizidisha kilo tano tano, hiyo ni tani moja nzima ambayo haimo kwenye hesabu ya rubani. Sasa ukimpima bibi mmoja na kuwaacha wengine wapite, umelinda nini? Kama kilo mbili na nusu ni hatari, pima wote. Kama si hatari, mwache bibi wa watu.

Mwingine atasema shida ni makabati ya juu ya viti. Kweli, yana mwisho wake, hasa kwenye ATR na Dash 8 zinazoruka humu nchini, ambako begi la magurudumu lililopita kwenye ndege kubwa linagoma kuingia. Na begi zito likimdondokea mtu kichwani linaumiza, na wahudumu wanaumia migongo kwa kuyasukuma. Nakubali yote. Lakini hayo ni mambo ya ukubwa na uzito wa kila begi, na yote yanajulikana tangu kaunta. Hakuna linalojulikana getini ambalo halikujulikana kaunta.

Mnataka kuona utaratibu mkali unaofanya kazi? Nendeni mkapande Cessna Caravan ya kwenda Mafia au Seronera. Injini moja, ndege nzima haizidi tani 4 inaporuka, wakati Dreamliner 787-8 inafikia tani 227. Kule unaambiwa tangu unapokata tiketi: kilo 15, zote pamoja, begi la mkononi likiwemo, na liwe begi laini, kwa sababu begi gumu halipindiki kuingia kwenye lile tumbo la mizigo chini ya ndege. Ukifika, begi linapanda mizani mbele ya macho yako. Wakati mwingine na wewe mwenyewe unapandishwa. Rubani anakuja na karatasi yake, anasema wewe mzee kaa mbele, dada kaa nyuma, kwa sababu ndege ndogo ikielemewa nyuma hatari yake ni kubwa, na kiwanja anachokwenda kutua ni cha vumbi na kifupi.

Huko ndiko kwenye ukali kuliko Ghuba yote, na sijaona mtu akigombana. Nimeona mtalii mwenye pesa zake akitoa viatu na vitabu, anaviacha ofisini pale uwanjani, avichukue akirudi, anapanda kimya. Hagombani kwa sababu kila aliye mbele yake amepimwa, na kila aliye nyuma yake atapimwa. Watu wetu hawakatai sheria. Wanakataa kuchaguliwa.

Na kwa nini mashirika makubwa hayafanyi hivyo? Hapa niseme wazi, hata kama wapo wanaohusika ukumbini. Kwa wengine, begi lililozidi limegeuka mapato. Ulaya hawafichi. Michael O'Leary, mkuu wa shirika la ndege la Ryanair, alisema hadharani mwaka 2025 kwamba mfanyakazi anayekamata begi lililozidi hulipwa, na kwamba malipo hayo yanapandishwa kutoka euro 1.50 hadi 2.50 kwa kila begi. Abiria anatozwa mpaka euro 75. Ukimlipa mtu kwa kukamata, atatafuta cha kukamata. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema tangu Septemba 2014, katika kesi ya shirika la ndege la Vueling, kwamba begi la mkononi lenye ukubwa na uzito wa kiasi ni sehemu ya safari yenyewe, halipaswi kutozwa nyongeza. Novemba 2024 Hispania ikayapiga mashirika matano faini ya jumla ya takriban euro milioni 179 kwa mambo kama hayo, nayo yakaipinga. Sitaki tungoje tabia hiyo iote mizizi hapa ndipo tuanze kuandika barua.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengi juu ya akina mama wenye watoto wachanga na mizigo yao, nayaacha. Na kutoroka ndege inapowaka moto, nitasema kwa kifupi: uwanja wa Haneda, Tokyo, Januari 2, 2024, watu wote 379 wa Japan Airlines walitoka hai katika ndege iliyoteketea, na mizigo wakaiacha. Dubai, Agosti 2016, wapo walioshuka na mabegi yao ndege ikiwaka. Usiguse begi. Basi.

Lakini la betri siliruki. Pawabenki hairuhusiwi kwenda chini, hata siku moja, kwa sababu ikiwaka huko hakuna wa kuiona. Januari 2025 ndege ya Air Busan ya Korea Kusini iliungua ikiwa bado uwanjani, haijaruka, na wachunguzi wakaielekezea kidole pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la juu. Hiyo ni juu, penye watu. Sasa kijana wa getini anapokunyang'anya begi kwa haraka na kulitupa kwenye mizigo, anatakiwa akuulize kwanza kama lina pawabenki au betri za akiba. Mara ngapi mmeulizwa? Haya ndiyo madhara ya kupima dakika za mwisho.

Kwa hiyo, mpaka yabadilike: ukiwa kaunta, mwombe mhudumu mwenyewe alipime begi la mkononi na alibandike lebo ya kuruhusiwa. Akikataa, andika jina lake na saa. Wakilichukua getini, simama, toa betri, toa dawa, toa pasipoti, fedha na hati za biashara, na usiondoke bila kipande cha lebo. Likifika limevunjika, una siku 7 za kulalamika kwa maandishi. Likichelewa, siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Huo ni Mkataba wa Montreal, na Tanzania na Kenya zote zimo. Tangu Desemba 28, 2024 kiwango cha juu cha fidia ya mizigo kwa abiria ni SDR 1,519, kile kipimo cha thamani ya fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kutoka 1,288, na hakihesabiwi kwa kilo. Ofisi ikikwambia unalipwa kwa kilo kwenye safari ya kimataifa ya nchi hizi, waambie wakuonyeshe kifungu.

Kaka wa pale nyuma, mkono wako nimeuona. Uliza.