Kambi ya wasanii siyo semina

Haya jamani, wa nyuma mnanisikia? Nimeambiwa niongelee kambi za wasanii, zile za kulala hukohuko wiki mbili, mnakula pamoja mnachora mnabishana mpaka usiku, na mi naanza kwa kulalamika kabisa manake siku hizi tumezigeuza semina. Projekta, ratiba, mada ya kwanza mada ya pili, chai, cheti, picha ya pamoja, basi. Mtu anarudi kwao na begi jipya na rangi hajaigusa.

Wenyewe hawakuanza hivyo. 1982 mchongaji Muingereza Anthony Caro na mwenzake Robert Loder waliwakusanya wasanii shambani huko Pine Plains, New York, wakaiita Triangle, na shughuli ilikuwa kuchora na kuchonga tu, hakuna mwalimu hakuna mwanafunzi. Mwaka uliofuata akaenda David Koloane wa Afrika Kusini, mtu mweusi enzi za makaburu, na aliporudi, 1985, yeye na mchoraji mwenzake Bill Ainslie wakaanzisha kambi yao, Thupelo. Walisemwa sana, eti mnaiga michoro ya Wamarekani isiyo na sura ya mtu wala kitu wakati nchi inawaka moto, na hoja hiyo siyo ya kupuuza. Ila msanii aliyezoea kachoro kadogo ka kuuzia wateja, umpe turubai kubwa, rangi za kutosha na asiwaze kuuza, hapo mambo yanabadilika bwana.

Na kulea chipukizi ndo hukuhuku. Kijana amekaa jirani na mkongwe, anamwona anachukua kitambaa anafuta nusu ya picha aliyohangaika nayo tangu asubuhi, anaanza upya, wala hasikitiki. Hilo utaliwekaje kwenye slaidi? Edward Tingatinga pale Dar hakuwa na darasa, kina Ajaba Abdallah na Simon Mpata walikaa naye wakachora naye, na alipouawa 1972 wao wakaendelea.

Tatizo letu lingine, kambi ikiisha kila mtu na njia yake. Wenzetu 1991 walifungua Bag Factory pale Fordsburg, Johannesburg, kiwanda cha zamani cha mifuko kikawa studio, watu wakapata pa kuendelea kukutana kazini. Kwa hiyo mkiandika bajeti, hela ya vyeti na mabango hamishieni kwenye kodi ya chumba, hata kimoja, hata gereji.

Nimeona mkono pale dirishani, karibu dada, uliza.