Kipimo Kinalia, Moto Haupo

MWALIMU: Karibuni, wasikilizaji wetu. Tunarekodi hapa Tanga mjini, na madirisha tumeyafunga kwa sababu ya kelele za bodaboda, jambo ambalo kwa mada ya leo linanitia haya kidogo. Fundi, uliitwa kukagua nyumba ya Raskazone kwa niaba ya mtu aliyetaka kuinunua, ukakuta kipimo chako kinaonyesha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu itokayo kwenye moto, ilhali hakuna jiko lililowashwa. Tuanzie hapo.

FUNDI: Ahsante, Mwalimu. Nilifika saa nne asubuhi. Kipimo huwa nakiwasha nje, penye upepo, ili nihakikishe kinaanzia sifuri, kwa maana mtu akikiwashia ndani ya hewa chafu, vipo vipimo ambavyo vitauchukua uchafu ule kuwa ndio sifuri yao. Nje kilisoma sifuri. Sebuleni kilisoma 6, kwenye ujia 14, na nilipokaribia stoo iliyo chini ya ngazi kikapanda hadi 38, yaani sehemu 38 katika sehemu milioni za hewa, kikaanza kulia.

MWALIMU: Hizo 38 ni nyingi?

FUNDI: Ni nyingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu hewa ya ndani unataka wastani wa saa 8 usizidi miligramu 10 kwa mita ya ujazo, ambazo ni kama sehemu 9 kwa milioni. Kwa hiyo sikuanza kuchunguza. Niliwatoa wote, bibi mwenye nyumba na wajukuu zake, wakakae chini ya mwembe, nikafungua milango na madirisha, kisha nikamwuliza kila mmoja kama kichwa kinamuuma au anahisi kizunguzungu. Hakuna aliyelalamika, ila bibi alilalamikia chai yake iliyopoa.

MWALIMU: Naomba tukae hapo kidogo. Gesi hii haina rangi, harufu wala ladha, na hemoglobini ya damu huishika kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, hutapika, hulegea, na huku kwetu wa kwanza kushukiwa ni malaria. Hata kile kipimo cha kubana kidoleni huweza kudanganya, kwa sababu mwanga wake hauitofautishi damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksidi, hivyo mgonjwa aliyezidiwa anaweza kusomeka kama mzima.

FUNDI: Ndiyo maana watu hutoka kwanza. Baadaye nilirudi peke yangu, nikafunga madirisha, nikasimama mlangoni nikitazama namba. Ilianza kupanda tena polepole, na kwangu hilo lilikuwa na maana kubwa: chanzo kilikuwa humo ndani, na bado kilikuwa kinazalisha. Niliufunga mtungi wa gesi, namba haikushuka. Nilitia mkono katika jiko la mkaa lililokuwa uani, majivu yalikuwa baridi. Gari halikuwapo. Kisha nikamfikiria jirani, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika usiku kucha na jenereta lake linakaa ukutani kabisa, upande wa dirisha la ngazi.

MWALIMU: Kusema kweli, mimi ningeishia kwa jirani.

FUNDI: Nusura niandike hivyo kwenye ripoti, maana maelezo yale yalikuwa matamu mno. Lakini umeme ulikuwa umerudi saa kumi na mbili asubuhi na jenereta lilikuwa limenyamaza saa nne nzima. Moshi wa usiku ungepungua kadiri muda unavyopita, usingepanda. Basi nikapima pale mlangoni pa stoo, chini usawa wa kifundo cha mguu, halafu juu kwenye pembe ya dari. Chini 20, juu 60. Kaboni monoksidi ina uzito unaokaribiana sana na wa hewa, na isipopandishwa na joto la moto huchanganyika tu. Hii ilikuwa inakimbilia darini.

MWALIMU: Ukafungua stoo.

FUNDI: Nilizima kwanza umeme kwenye swichi kuu iliyo barazani, ndipo nikafungua. Ndani mlikuwa na inveta, mashine ya kutoa umeme wa betri umeme wa kawaida ukikatika, na betri zake mbili kubwa za maji. Moja ilikuwa imetutumka ubavuni, kichwa chake kimeota unga wa rangi ya buluu na kijani, na nilipoiinamia nilisikia maji yake yakichemka taratibu, kama sufuria ya uji iliyopunguziwa moto.

MWALIMU: Lakini betri haichomi kitu, Fundi. Kaboni inatoka wapi?

FUNDI: Haikuwapo. Betri ile ina risasi, asidi na maji, na ikichajiwa kupita kiasi, maji hupasuka yakawa oksijeni na haidrojeni, na haidrojeni ndiyo iliyokuwa ikikimbilia darini. Betri mbovu iliyokamuliwa usiku kucha kisha ikajazwa kwa nguvu asubuhi hufanya hivyo mapema zaidi. Sasa kipimo changu hakiioni kaboni monoksidi yenyewe. Kinahesabu umeme mdogo unaozaliwa gesi inapoungua juu ya elektrodi, na haidrojeni nayo huzalisha umeme huo huo. Kipimo kikahesabu, kikaandika jina ambalo kimefundishwa kuandika. Chaja ilipokosa umeme na mlango ukawa wazi, namba ilishuka hadi sifuri.

MWALIMU: Kwa hiyo hapakuwa na hatari?

FUNDI: Ilikuwapo, ila si ile tuliyoidhania. Haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa huweza kulipuka kwa cheche moja, na ndiyo sababu sikugusa swichi ya mle stoo. Niliagiza betri zihamishiwe barazani, ile iliyotutumka isiunganishwe tena, nikaahidi kurudi jioni kupima upya.

MWALIMU: Ukarudi, ukakuta sifuri.

FUNDI: Nikakuta sifuri kwenye ngazi, sifuri stooni, na 22 sebuleni.

MWALIMU: Subhanallah. Betri nyingine?

FUNDI: Bibi alikuwa amesikia kwamba mnunuzi anakuja kuitazama nyumba, akafunga madirisha ili harufu isipotee, akafukiza udi. Chetezo kilikuwa katikati ya mkeka, makaa yake mekundu. Hiyo sasa ndiyo ilikuwa kaboni monoksidi, Mwalimu, na nilimtoa tena chini ya mwembe. Safari hii alibeba chai yake.